Povu, pasi au mkasi: Mguu wa Odilia, dobi wa Mikumi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mikumi. Odilia Beda anafungua kifuniko cha pasi ya mkaa, anapuliza majivu, anakifunga. Analamba ncha ya kidole na kuugusa uso wa pasi. Inalia tss. Iko tayari.

Kila siku yake huanza hivyo. Kwanza pasi. Kisha anachukua kipande cha shuka kuukuu na kuufunga mguu wake wa kushoto chini ya goti, kwa nguvu, mafundo mawili. Kisha anatandika shuka la kwanza la nyumba ya wageni juu ya meza iliyovishwa blanketi, anachovya vidole kwenye bakuli na kunyunyiza maji kama mtu anayetupia kuku mchele.

Anafika katikati ya shuka. Anahisi kitu cha uvuguvugu kikiteremka kwenye kifundo cha mguu. Anadhani ni maji ya wanga. Haangalii chini, maana dobi akiangalia chini, nguo inaungua.

"Odi," anaita Agnesi, mwenzake wa banda, akiwa kwenye kamba za kuanikia. "Unamwaga nini huko?"

"Sijamwaga kitu."

"Odi. Simama hivyo hivyo. Hapana, usisimame. Mungu wangu, kaa!"

Damu inaruka kutoka mguuni kama maji kwenye mpira uliotobolewa na sindano, nyembamba, bila maumivu yoyote. Imeshalowesha kandambili, imeshalowesha sakafu, imeshafika kwenye pindo la shuka jeupe linaloning'inia. Odilia anaiweka pasi juu ya tofali lake kwanza. Ndipo anaangalia.

Hiyo ilikuwa asubuhi moja ya Machi mwaka huu. Tangu siku hiyo, anasema, hajatulia.

"Sikuumia hata kidogo," anamwambia mwandishi, huku akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. "Ndicho kilichonitisha. Kitu kinachouma unakijua. Hiki kilitoka kimya kimya."

Agnesi alifanya kile ambacho wengi wangefanya. Alimkalisha mwenzake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu ukiwa chini, akalikaza lile fundo la chini ya goti, akaongeza na kanga. Kadiri alivyokaza ndivyo damu ilivyozidi. Bodaboda ikaitwa. Odilia akapelekwa kituo cha afya mguu ukining'inia, na Agnesi nyuma yake akilia kwa sauti iliyowatoa watu madukani.

Aliyewapokea ni tabibu mmoja wa kike anayeitwa Imani, umri wake haujafika thelathini.

"Alinilaza pale pale sakafuni, hata kitanda hakukisubiri," anasimulia Odilia. "Akakata kitambaa changu na kanga ya Agnesi. Akauinua mguu akauweka begani kwake kama mtu anayebeba jembe, akabonyeza kwa kidole juu ya chachi. Damu ikakoma. Yaani basi! Agnesi kalia njia nzima, kumbe dawa ilikuwa kulala."

"Kanga yenyewe ilikuwa mpya," anaongeza Agnesi.

Tabibu Imani alimuuliza nani aliyemfundisha kufunga mguu kama gunia.

"Nikamwambia si gunia, ni furushi. Mimi ni dobi."

Furushi la nguo hufungwa shingoni ili kilichomo kisitoke. Odilia aliona mishipa ikijaa chini ya goti, akaamua kwamba damu inashuka mno, akaifunga huko juu. Alifanya hivyo miaka mingi, kila asubuhi, kabla ya shuka la kwanza.

"Yule binti akaniambia, 'Mama, damu haina shida ya kushuka. Shida yake ni kupanda. Wewe umeifungia mlango wa kurudi nyumbani.' Nilifikiria asubuhi zote zile."

*

Odilia ana miaka arobaini na minne. Banda lake liko nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo malori yanayoteremka kutoka Iringa yanasikika kabla hayajaonekana. Anafua na kupiga pasi mashuka na foronya za nyumba za wageni, na sare za vijana wanaoongoza watalii hifadhini. Shuka moja humpa shilingi mia tano. Umeme ukikatika, na hukatika, pasi za mkaa ndizo zinazookoa siku.

Mumewe, Lucas, yuko Tindiga sehemu kubwa ya mwaka akilima mpunga. Watoto wao wawili wako shule ya bweni.

Kazi alifundishwa na mzee Kornelio, dobi wa zamani wa pale pale mjini, ambaye sasa ni marehemu. Mzee huyo alikuwa na sheria moja: dobi hakai. Ukikaa, alisema, mkono unakuwa mwepesi na mkunjo unabaki. Ndiyo maana ndani ya banda hakukuwa na kiti hata kimoja. Mteja akija, naye husimama.

"Mzee Kornelio mwenyewe alikuwa na miguu kama magogo," anasema Odilia. "Sisi tulijua ndiyo miguu ya ufundi."

Mguu wake anauonyesha kwa aibu, baada ya kuchungulia nje kama kuna mteja. Mishipa imejipinda kutoka ndani ya goti hadi chini, imetuna, ya kijani iliyokolea, kama mizizi iliyoinua sakafu. Juu ya kifundo, ngozi imekuwa nyeusi, ngumu, inang'aa. Inafanana na kiwiko cha koti lililopigwa pasi mara nyingi kupita kiasi.

Usiku ndio mbaya zaidi. Miguu inawaka, inawasha, inabana misuli. "Inataka kwenda kutembea bila mimi," anasema. "Nikiwa peke yangu nazunguka nyumba. Jirani aliwahi kuniuliza kama nafuga mbwa."

Lakini si maumivu yanayomnyima amani. Ni kumbukumbu ya mguu mwingine.

Odilia alizaliwa Munisagara, kando ya reli ya kati. Babu yake alikuja kama kibarua wa reli, baba yake akabaki kulima. Mama yake, Hildegarda, alikuwa na mishipa kama hiyo. Kisha ngozi juu ya kifundo ikawa nyeusi. Kisha ikafunguka. Kidonda hakikupona mpaka mama anaingia kaburini. Majirani walisema amekanyaga kitu alichotegewa mtu mwingine, na waliacha kupita mlangoni kwake wakienda kuchota maji.

Aliyemuuguza ni binti wa kwanza, Verdiana. Aliacha shule akiwa darasa la sita. Alikuwa akichemsha maji, akikiosha kile kidonda, akifua vitambaa na kuvianika nyuma ya nyumba watu wasivione.

"Dada aliosha mguu wa mama, mimi nikaenda shule," anasema Odilia. Halafu anaokota pasi, ingawa haina moto.

*

Mwezi wa nne, Odilia alipelekwa hospitali kubwa mjini Morogoro kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Agnesi alimsindikiza. Alikuwa na sababu zake, tutazifikia.

Daktari Gabrieli alimpaka mguuni kitu cha baridi kinachoteleza, akapitisha kifaa, kisha akalibinya shavu la mguu. Kutoka kwenye mashine ikasikika sauti ya damu ikipanda. Alipoachia, ikasikika tena, ndefu zaidi, ikirudi.

"Fwaa," anaiga Odilia. "Halafu fwaaaa. Damu yangu mwenyewe. Kama lori linalorudi nyuma mlimani."

Daktari alimweleza kwamba ndani ya mishipa ya miguu mna vilango vinavyofunguka kwenda juu tu, ili damu ikishapanda isirudi. Kwake, vilango vya mshipa mkubwa wa juu ya misuli vimelegea. Kusimama mahali pamoja saa nyingi kunaongeza mzigo. Mimba huongeza. Na katika familia nyingi tatizo hurithiwa.

"Akaniuliza kama kuna mwingine nyumbani. Nikasema mama. Akauliza, kina dada je? Nikasema dada yangu hana shida."

Kisha akamwelezea njia za tiba. Mazungumzo hayo Odilia na Agnesi wanayakumbuka vizuri, wanapokezana kuyasimulia.

Njia ya kwanza ni soksi ndefu za kubana. Haziponyi mshipa, lakini zinausukuma uvimbe juu, na zinatakiwa zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Hata hizo hapewi kila mtu: daktari alishika kwanza mapigo ya nyayo kuhakikisha damu inafika vizuri chini, kwa sababu mguu usiofikiwa na damu ya kutosha unaweza kuumizwa na soksi hiyo hiyo.

Ya pili ni sindano. Dawa huchanganywa na hewa ikawa povu, huingizwa kwenye mshipa mbovu, na mshipa hujifunga na kunywea.

"Nikamuuliza, povu? Daktari, hata ndani ya mishipa mnafua?"

Ya tatu ni joto. Mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa, ncha yake hutoa joto, mshipa huunguzwa kutoka ndani mpaka ujifunge. Ganzi ni ya mguu tu. Mgonjwa huondoka kwa miguu yake siku hiyo hiyo.

"Nikamwambia hiyo ni pasi. Akacheka, akasema, ndiyo mama, ni pasi."

Ya nne ni upasuaji wa kuufunga mshipa kwa juu na kuutoa.

"Mkasi," anamalizia Agnesi.

Tangu hapo, bandani wana lugha yao: povu, pasi au mkasi. Wateja wengine wameanza kuitumia bila kujua maana yake.

Kulikuwa na swali moja ambalo Odilia alilibeba kutoka Mikumi. Mshipa ukishafungwa, damu itapita wapi?

Daktari alimwambia kwamba mshipa ule hausafirishi tena, unarudisha tu. Barabara kuu ya damu iko ndani zaidi, katikati ya misuli, na kwake ni nzima. "Ukifunga kichochoro kilichoharibika," alisema, "magari hayakai pale kulia. Yanarudi barabara kuu."

Kisha akagusa ile ngozi nyeusi. Hapo hakucheka. Alisema ni onyo. Ngozi hiyo ikifunguka, kidonda chake hupona kwa tabu na kurudi, mshipa usipotibiwa.

"Alikuwa anamweleza mama yangu," anasema Odilia, "na hakuwahi kumwona."

*

Sababu ya Agnesi kufunga safari ni vimishipa vyake mwenyewe. Viko mapajani na nyuma ya magoti, vyembamba kama nyuzi, vya zambarau, vimetawanyika mfano wa utando wa buibui. Kwa miaka miwili amekuwa akinunua krimu sokoni ili kuvifuta. Krimu zimefuta rangi ya paja tu. Nyuzi zimebaki.

Alimvizia daktari koridoni.

"Akainama, akaangalia, akasema, 'Mama, hivi ni vya sura. Havina hatari. Sindano ndogo ndogo zinaweza kuvififisha, lakini si lazima, na vingine vinaweza kuja tena. Krimu hazifiki huko, ziache.' Nikamwambia daktari, kuhusu sura mimi ndiye niulizwe kama si lazima!"

"Na nani anayaona hayo mapaja?" anauliza Odilia.

"Mimi mwenyewe, shoga. Mimi si mtu?"

Wanacheka hadi Odilia anashika meza. Agnesi ameniruhusu niandike kwamba aliacha krimu siku ile ile. Ameniruhusu vilevile niandike linalofuata, kwa sharti kwamba niandike pia alivyokusudia.

Odilia alirudi na soksi ya kubana, ya kuvaa wakati akisubiri matibabu. Mei nzima mguu ulipungua. Aliweza kuvaa kiatu cha kufunika. Alijifunza kutosimama kama nguzo: anapiga pasi huku akipiga hatua pale pale alipo, kisigino juu, kisigino chini. Agnesi akampa jina la Gwaride.

Siku moja Agnesi aliikuta ile soksi imeanikwa.

"Ilikuwa imejikunjakunja, inatia huruma," anasema. "Mimi ni dobi. Kitu kikijikunja mbele yangu nifanyeje? Nikailoweka maji ya moto. Nikaitia wanga kidogo. Nikaipiga pasi."

"Ina mstari mbele," anasema Odilia. "Kama suruali ya mwalimu mkuu."

Moto wa pasi uliua mpira wote uliokuwa ndani ya soksi. Asubuhi iliyofuata Odilia aliivaa, ikateremka hadi kifundoni. Aliielewa hasara mara moja. Lakini Agnesi alikuwa amesimama pale, uso umejaa furaha, akisubiri kusifiwa.

"Nikamwambia asante, imenyooka."

Akaendelea kuivaa wiki baada ya wiki. Ili isianguke, akaishikiza juu kwa ukanda wa mpira, chini ya goti, pale pale lilipokuwa fundo la zamani.

"Kwa nini hakuniambia?" Agnesi anauliza. Sasa hachezi. "Tunakula sahani moja, Odi. Ungenitukana tu."

"Ningekutukanaje, umenifulia?"

Mwishoni mwa Juni, juu ya kifundo, katikati ya weusi ule, palifunguka kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele.

*

Kuna jambo jingine ambalo Odilia hakuwaambia watu. Hospitali ilishampangia siku ya matibabu tangu mwanzo wa Juni, Dar es Salaam, kwa njia ya joto. "Maisha yangu yote nimeiamini pasi," anasema, "sasa niiache kwenye mguu wangu?" Mishipa midogo itakayobaki ingetibiwa baadaye kwa povu. Lucas alikuwa ameuza mpunga, fedha ya kuanzia ilikuwepo.

Hakwenda. Alipiga simu akasema ni msimu wa watalii, mashuka ni mengi.

"Mashuka yalikuwa mengi kweli," anasema Agnesi, "lakini mimi nina mikono. Si mashuka yale."

Nyumbani kwao Odilia, mtu haendi kupasuliwa, kutiwa ganzi wala safari nyingine kubwa bila kuaga. Huaga kwa mzazi, au kwa aliyebaki mahali pa mzazi. Huyo humpa maji ya kunywa kwa mkono wake na kumwambia maneno mawili: nenda urudi. Asiyepewa maji haendi. Baba na mama wakiwa wameshafariki, anayetoa maji ni Verdiana, anayeishi Kilosa mjini, kata ya Magomeni.

Odilia alikwenda Kilosa mara ya kwanza kuaga. Alirudi na mihogo, hakuaga. Akaenda tena. Alirudi na mchele na jogoo.

"Nikifungua mdomo, dada ananituma kitu. Niletee hiki, pika kile. Jua linazama, gari linaondoka. Na mimi nikiangalia ile mikono yake, naiona inaosha mguu wa mama. Nitamwambiaje kwamba na mimi nina mguu ule ule? Si atasema ameanza kuuguza upya?"

Hospitali imempa siku nyingine: Alhamisi ijayo. Kidonda sasa ni kama punje ya mahindi. Tabibu Imani anakisafisha na kukifunga, kuanzia vidoleni kupanda juu, na kila mara anarudia kwamba bandeji haiwezi kusubiri milele.

Seremala wa jirani ameshaagizwa viti viwili virefu, vya kutosha mtu kukaa na bado mkono ukaifikia meza. Agnesi anasema mzee Kornelio atawasamehe. Odilia anasema viti vitangoja arudi.

*

Jumamosi, saa tano asubuhi, Magomeni. Duka la Verdiana ni dirisha la nyumba yake: unga, sabuni, chumvi, mafuta ya kupimia. Yeye ameketi ndani kwenye kigoda, amevaa kitenge kirefu na chini yake suruali ya michezo, ingawa jua ni kali. Ana fimbo ya kuvutia bidhaa za rafu ya juu. Ana miaka hamsini na mitatu. Hainuki kumpokea Odilia wala mwandishi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda."

"Umekonda. Na huyu mgeni mbona hujamkaribisha? Karibu, mwanangu. Kaa hapo. Odi, kabla hujakaa nisogezee lile debe la unga."

Odilia analisogeza debe.

"Dada, nimekuja..."

"Umekula?"

"Nimekula. Nime..."

"Hujala. Kuna magimbi jikoni, yaangalie yasiungue."

Odilia anakwenda jikoni. Anarudi. Hakai. Anatembea kutoka gunia la mahindi hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye gunia. Mteja anafika dirishani kununua sabuni, naye anaitoa na kurudisha chenji kabla dada yake hajanyoosha fimbo. Anaendelea kutembea.

"Tulia basi," anasema Verdiana. "Unanizungusha kichwa."

"Daktari amesema nisisimame mahali pamoja."

Neno limetoka. Odilia mwenyewe anaonekana kushtuka. Verdiana anachambua maharage kwenye ungo, anatupa jiwe moja nje, halafu jingine.

"Wakishaufunga huo mshipa," anasema bila kuinua macho, "damu itapita wapi?"

Odilia anasimama.

"Nani amekuambia?"

"Agnesi kanipigia simu. Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita! Ulikuwa unajua, ukanipa jogoo nikaondoka naye?"

"Ulikuja kuaga, hukuaga. Nitampaje maji mtu ambaye hajasema ana safari?"

"Ulikuwa unanituma tuma!"

"Na wewe ukawa unatumika."

Wanatazamana. Odilia anacheka kidogo, lakini machozi yameshafika. Anamweleza dada yake habari za kichochoro na barabara kuu, kama alivyoelezwa. Anaeleza haraka haraka, mikono ikipiga pasi hewani. Anavua kiatu, anainua gauni, anamwonyesha bandeji.

"Ngozi imefunguka, dada. Pale pale. Mimi sitaki mguu wangu uwe wa mama."

Verdiana anauweka ungo chini. Anaitazama ile bandeji muda mrefu. Anauliza imefungwa na nani, na kwa nini imeanzia vidoleni. Anaambiwa.

"Sisi tulikuwa tunafunga kuanzia juu," anasema.

"Hatukujua, dada."

"Hatukujua."

Kwa mara ya kwanza tangu tufike, anainuka. Anainuka kwa kushika dirisha, kisha fimbo, kisha bega la mdogo wake. Anakwenda kwenye ndoo iliyofunikwa sahani, anachota maji kwa kikombe cha bati. Odilia anapiga goti na kupokea kwa mikono miwili.

"Nenda urudi," anasema Verdiana.

Odilia anakunywa. Inaelekea jambo limekwisha. Mwandishi anafunga kalamu. Lakini Verdiana hajaondoka pale kwenye ndoo.

"Baba alipokwenda kupasuliwa ngiri, nilimpa maji mimi," anasema. "Wewe ulipokwenda kuolewa, nilikupa mimi. Leo nimekupa tena. Mimi ndiye mkubwa, Odi. Mimi nani atanipa?"

"Maji ya nini, dada? Unakwenda wapi?"

Verdiana anakaa. Anavuta mguu wa ile suruali ya michezo, taratibu, kutoka kifundoni hadi gotini. Chini ya goti kuna utepe wa kitenge, mafundo mawili. Chini ya utepe, mishipa imetuna na kujipinda, na juu ya kifundo ngozi ni nyeusi, inang'aa. Haijafunguka bado.

Odilia anaushika mguu huo kama mtu anayeshika kitu cha moto. Anaanza kulifungua fundo kwa meno na kucha.

"Tangu lini?"

"Tangu mama yuko hai. Nilikuwa nauosha wake, naona wangu unafuata."

"Na mimi nimemwambia daktari dada yangu hana shida! Kwa nini hukusema? Mara zote hizo nimekuja, unanituma magimbi, unanituma debe..."

Utepe unaanguka sakafuni. Odilia anachukua kikombe, anachota maji, na kumnyooshea dada yake kwa mikono miwili, akiwa bado amepiga magoti. Verdiana anakipokea. Anakishika tu kwanza.

"Sikuwa nakuzuia," anasema. "Nilikuwa nangoja uniambie twende."